Kabla ya Kununua Msumeno wa Sakafu



Kila mwaka unapoandama mwezi wa Shaabani, nyumba nyingi za mijini huingia katika matengenezo. Kuta hupakwa rangi, mapazia hufuliwa, makochi hupelekwa kwa fundi, na mama wa nyumba huanza kuhesabu siku zilizobaki kabla ya Ramadhani. Katika miaka ya karibuni limeongezeka jambo moja kwenye orodha hiyo, nalo ni sakafu. Familia iliyozoea kutandika kapeti la plastiki juu ya saruji sasa huziona dukani mbao nyembamba zenye sura ya mninga au mvule, zimepangwa ndani ya maboksi, na muuzaji huieleza kwamba mtu yeyote aweza kuzifunga mwenyewe, bila gundi na bila msumari. Asemalo muuzaji ni kweli kwa sehemu kubwa. Analolinyamazia ni kwamba mbao hizo lazima zikatwe, na kwamba katika kukata ndimo yalimo madhara yote ya kazi hii: kidole, jicho na pafu.

Tunaandika juu ya kifaa cha kukatia kwa sababu tunayaona yanayotendeka katika mitaa yetu ya Dar es Salaam. Kifaa kinachoshikwa kwanza ndicho kisichofaa kabisa, na kile kinachofaa hubaki kimetundikwa dukani pasipo mtu wa kukiulizia.

Kabla ya msumeno, uutazame ubao wenyewe pembeni. Maduka yetu huuza chini ya jina moja la lamineti vitu viwili visivyo na udugu. Ukiuona moyo wa ubao ni wa kahawia, mfano wa unga wa mbao uliogandamana, hiyo ndiyo lamineti. Ukiuona ni wa kijivu, mzito, mfano wa jiwe laini, huo ni ubao wa plastiki iliyochanganywa na unga wa chokaa, na huo kwa mkato ulionyooka hauhitaji msumeno: huchanjwa kwa kisu kikali mara mbili tatu upande wa juu, kisha huvunjwa kwa kukunjwa juu ya ukingo wa meza. Aliyenunua wa aina hii hana haja ya msumeno isipokuwa kwa kona na matobo. Tuonavyo sisi, jikoni na karibu na msala huo wa kijivu ndio unaofaa, kwa kuwa maji hayauvimbishi. Lakini maneno yetu ya leo ni juu ya ule wa kahawia.

Lamineti si mbao ya gogo. Kiini chake ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, zikashindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Juu ya kiini hubandikwa karatasi iliyochapwa picha ya mbao, na juu ya karatasi hukaa tabaka angavu la melamini, jamaa ya melamini ile ile ya sahani zetu. Ndani ya tabaka hilo zimo chembe za oksaidi ya alumini, madini yanayotumika pia katika msasa. Zimetiwa humo ili mchanga wa viatu usiuchubue uso wa sakafu. Kampuni ya Perstorp ya Sweden ndiyo iliyoibuni sakafu ya namna hii mwaka 1977, na ule mtindo wa kubanisha ubao na ubao bila gundi ulienea baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1990. Tunayataja haya kwa sababu moja: anayekata lamineti anakata kitu kilichovikwa msasa. Msumeno wowote atakaoutumia utakuwa butu mapema kuliko anavyodhani, kwa hiyo asiushike ule mzuri ambao baba yake alimwachia.

Liko jambo ambalo wauzaji wa mashine hawalitangazi, nalo hubadili hesabu yote ya ununuzi. Sakafu ya lamineti hutanuka na kusinyaa kwa kadiri ya unyevu wa hewa. Ndiyo sababu maboksi huachwa ndani ya chumba siku mbili kabla ya kufunguliwa, na ndiyo sababu pande zote nne huachwa nafasi ya milimita 8 hadi 10 kati ya ubao na ukuta. Kwetu pwani, ambako hewa ya masika hujaa maji, nafasi hiyo si ya hiari. Sakafu iliyobanwa ukutani huinuka katikati kama mgongo wa ngamia. Nafasi hiyo hufunikwa na skatingi, na mlangoni hufunikwa na kipande cha chuma au cha mbao. Matokeo yake ni kwamba karibu kila ukingo uliokatwa na msumeno hufichwa. Kingo zinazoonekana katikati ya chumba ni zile zilizotengenezwa kiwandani. Ukimeguka uso wa ubao milimita mbili pale ulipokatwa, hakuna mgeni atakayeziona hadi siku mtakapoibomoa sakafu.

Basi anayetoa fedha nyingi kununua mashine itakayompa ukingo laini kama kioo ananunua uzuri wa kwenda kuufunika. Fedha hiyo ingenunua barakoa njema na miwani ya kukinga macho, na ikabaki.

Tuichukue sasa hesabu ya chumba kimoja, ili tuone ni mikato ya aina gani inayohitajika. Tuseme chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, na ubao una urefu wa milimita 1,215 na upana wa milimita 195. Tukiondoa milimita 10 kila upande, tunabakiwa na urefu wa milimita 3,980 na upana wa milimita 2,980. Katika upana zinaingia safu 15 kamili na kusalia milimita 55 tu. Safu ya mwisho yenye upana wa vidole vitatu ni mbaya kuitazama na ni dhaifu kuikanyaga. Fundi mwenye busara huweka safu 14 kamili katikati, na zile milimita 250 zilizobaki huzigawa mara mbili: safu ya kwanza milimita 125, na ya mwisho milimita 125. Zimekuwa safu 16.

Kila safu inahitaji walau mkato mmoja wa kukingama, yaani kuukata ubao kwa upana wake. Mikato 16 mara milimita 195 ni kama mita 3 za kukata. Kisha safu ya kwanza na ya mwisho zinapasuliwa kwa urefu kutoka ukuta hadi ukuta, nayo ni karibu mita 8. Ajuaye hesabu hii hadanganyiki dukani. Sehemu kubwa ya kazi ni kupasua kwa urefu, na vifaa viwili vinavyosifiwa zaidi na wauzaji, yaani msumeno wa pembe na kikatio cha wenzo, havipasui kwa urefu. Vimetengenezwa kwa kukingamisha. Atakayevinunua atarudi dukani siku ya pili.

Sasa tuje kwenye grainda. Nyumba nyingi zina jirani mwenye grainda. Ilinunuliwa kwa ajili ya nondo za dirisha, ikakata marumaru za choo, na leo inaletwa kukata lamineti. Ikifungwa jiwe la kukatia chuma, huuchoma ubao badala ya kuukata: ukingo unakuwa mweusi, moshi wa gundi unajaa chumbani, na vumbi linalotoka ni laini kuliko vumbi la msumeno wowote. Hilo ni baya, lakini liko baya zaidi. Wapo wanaolitoa jiwe na kufunga mahali pake diski ya meno, ile ya msumeno wa duara. Grainda ndogo ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, wakati misumeno mingi ya duara ya mkononi huzunguka mara 5,000 hivi. Diski iliyotengenezewa mwendo mmoja inalazimishwa mwendo wa maradufu. Grainda haina bamba la kukaa juu ya ubao, haina kipimo cha kina, na kinga yake haikutengenezwa kwa ajili ya meno. Diski ikiwa kubwa kuliko nafasi yake, mafundi wetu huing'oa kinga kabisa. Jino moja likinasa katika ubao, mashine yote hurushwa nyuma kumwelekea aliyeishika, na inamfikia kabla hajajua kimetokea nini, ikiwa bado inazunguka. Palepale penye njia yake pana paja, tumbo na shingo.

Hatutafuni maneno hapa. Grainda yenye diski ya meno isiingie katika nyumba ya Mwislamu kwa kazi ya sakafu, iwe imeshikwa na baba, na mtoto, au na fundi wa kulipwa. Na kwa fundi wa kulipwa tunaongeza: muulize kabla hamjaafikiana bei, atakata kwa nini? Akijibu grainda, mwambie utamwazimia msumeno. Uani ni kwako, na watoto watakaosimama kumtazama ni wako.

Badala yake, chukua kanuni moja itakayokutosha kwa misumeno yote: uso wa ubao humeguka pale meno yanapotokea, si pale yanapoingia. Ukijua msumeno wako unakata ukielekea wapi, utajua ubao uulaze kifudifudi au chali. Msumeno wa mkono wa kawaida hukata unaposukumwa kwenda chini, kwa hiyo picha ya mbao iwe juu. Jigso ya kawaida hukata bledi inapopanda, kwa hiyo picha iwe chini na alama za penseli ziwe mgongoni. Msumeno wa duara wa mkononi nao meno yake hupanda yanapokata, picha iwe chini. Msumeno wa pembe hushuka kutoka juu, picha iwe juu. Ukiwa na shaka, zima kifaa, chomoa waya, kisha vuta kipande cha nguo juu ya meno. Nguo inaponasa, meno yanaelekea kinyume cha upande unakoivuta.

Msumeno wa mkono ndio tunaouweka mbele kwa familia yenye chumba kimoja na haraka kidogo. Uwe na meno madogo, 10 au zaidi kwa kila inchi. Ule wa kupasulia magogo utauchana uso wa ubao vipande. Hauli umeme, haurushi vumbi mbali, haupigi kelele za kumwamsha mtoto wa jirani, na mkono ukiteleza jeraha lake kwa kawaida ni la plasta. Ushikwe kwa kulala, pembe yake na ubao iwe ndogo, na usukumwe polepole. Misumeno ya siku hizi ambayo ncha za meno zake ni nyeusi imetiwa ugumu kwa moto. Hudumu zaidi lakini hainolewi kwa tupa, ikishakuwa butu basi. Kwa chumba tulichokipiga hesabu, mita 11 za kukata kwa mkono ni jasho la alasiri mbili. Kijana wa miaka 14 aweza kufundishwa kazi hii, ashike ncha ya pili ya ubao, kisha wabadilishane na baba yake. Tungependa vijana wetu wapate nafasi kama hizo kuliko kukaa wakitazama fundi akifanya kila kitu nyumbani kwao.

Mwenye vyumba viwili au zaidi, na mwenye mgongo uliochoka, kwake jigso ndiyo iliyo bora. Ni msumeno mdogo wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka. Hupasua kwa urefu, hukingamisha, na huzunguka nguzo na bomba, jambo ambalo hakuna msumeno mwingine wa umeme uwezao kulifanya kwa usalama huo. Katika kuichagua usiangalie ukubwa. Angalia kama ina kirekebishaji cha mwendo, kama bamba lake ni la chuma lisilocheza, na kama ina kitufe cha kuondoa ule mwendo wa bledi kubembea mbele na nyuma. Kwa lamineti mwendo huo uwekwe sifuri. Angalia pia bledi zake hufungwaje. Zipo zenye kichwa mfano wa herufi T na zipo zenye kichwa mfano wa herufi U, na ya moja haikai katika mashine ya nyingine. Za T ndizo zinazopatikana kwa wingi madukani, basi nunua mashine ya T. Kwa lamineti zipo bledi zenye meno yaliyogeuzwa, zinazokata zikishuka. Ya Bosch huandikwa T101BR. Kwa bledi hiyo picha hubaki juu, ila mashine hutaka kuruka, sharti uikandamize. Nunua bledi tatu au nne kwa chumba, maana ule msasa tuliousema utazila. Bledi butu hujulikana kwa harufu ya kuungua na kwa mkono wako kuanza kusukuma. Ukijikuta unasukuma, simama ubadilishe.

Jigso ina kasoro moja: hupenda kutangatanga nje ya mstari. Dawa yake ni kufunga rula ndefu ya alumini, au ubao mwingine ulionyooka, kwa majiliwa mawili, na bamba la mashine litembee limeuegemea. Hata ikitangatanga milimita mbili, skatingi ipo.

Msumeno wa duara hupasua kwa urefu kwa kasi na kwa unyoofu kuliko jigso, na mwenye nyumba nzima ya kutandika ataupenda. Uwe na diski ya meno ya kabaidi, na kina chake kiwekwe ili meno yachungulie chini ya ubao milimita chache tu. Ubao ushikiliwe pande zote mbili za mkato, usije ukajikunja na kuibana diski. Kwa aliye mgeni wa kazi hatuupendekezi. Kikatio cha wenzo, kile kinachokandamizwa kama mashine ya kutobolea karatasi, ni kizuri mno kwa anayeishi ghorofani: hakina vumbi wala kelele. Ila soma unene unaokubaliwa, kwa kuwa vingine hukomea milimita 8 na ubao wako huenda ni wa 12, na ukumbuke zile mita 8 ambazo hakitazikata. Msumeno wa pembe mwachie fundi.

Juu ya umeme tuna onyo fupi. Katika maduka ya vitu vilivyotumika hupatikana misumeno mizuri kutoka Japani na Marekani kwa bei ya kuvutia. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani ni 120, wetu ni 230. Kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine ndicho kinachosema ukweli, si muuzaji. Mashine ya volti 100 ikichomekwa katika soketi yetu huungua baada ya muda mfupi sana. Mwenye kuhofia uniti za LUKU asihofu: jigso ya wati 600, hata ikizunguka saa nzima bila kupumzika, hutumia uniti 0.6.

Wengi watauliza: kwa nini tununue mashine ya kutumiwa siku mbili kisha ilale uvunguni miaka mitano? Ni swali la haki. Misikiti mingi ya mitaani kwetu ina sufuria kubwa, majamvi na turubai ambazo kila nyumba huazima kwa msiba na kwa harusi. Sisi tulio katika kamati za misikiti hatuoni kwa nini jigso moja, misumeno miwili ya mkono na majiliwa manne visikae katika stoo hiyo hiyo, pamoja na daftari la kuandikia nani amechukua na lini atarudisha. Au nyumba tano za jirani zichange. Kwa wenye kuazima tunakumbusha kwamba fiqhi imekwisha kuliwekea mpaka jambo hili. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huyafuata, kitu cha ariya kimo katika dhamana ya aliyekiazima. Kikichakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa, hadaiwi. Kikiharibika kwa sababu nyingine, hulipa. Bledi iliyoisha makali kwa kukata lamineti uliyoomba kukata si deni juu yako, ingawa ni uungwana kurudisha mashine ikiwa na bledi mpya. Jigso iliyoanguka kutoka juu ya ngazi ni deni. Na mwenye kuazimisha naye ana wajibu wake: kama waya umechubuka au kiwashio hukwama, aseme kabla ya kuitoa, asinyamaze kwa kuona haya.

Tumekwisha kuitaja barakoa. Gundi iliyomo katika kiini cha lamineti kwa kawaida hutengenezwa kwa fomaldehaidi, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka fomaldehaidi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi la mbao nalo limo katika kundi hilo hilo tangu mwaka 1995. Hii haina maana kwamba chumba kimoja kitakuua. Maana yake ni kwamba kukatia mbao hizo sebuleni, huku mtoto mchanga amelala chumba cha pili na feni inazunguka, si jambo la kulichukulia wepesi. Katia uani, upepo uwe mgongoni mwako. Vaa barakoa iliyoandikwa FFP2 au N95. Ya kitambaa, na leso iliyofungwa puani, hupitisha vumbi hili. Ukimaliza, futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Mavazi nayo yana sehemu yake. Kuna waliotoka Ijumaa, wakala, wakaingia kazini na kanzu yao. Mkono wa kanzu ni mpana, na kitu kinachozunguka hakijui kuachia. Vivyo hivyo kwa mama au binti anayekata: kanga ifungwe imara au ivuliwe, mtandio uingizwe ndani ya blauzi na ncha zisining'inie, na ipo mitandio ya kuvaa kichwani isiyohitaji kufungwa, hiyo ndiyo ya kazi. Saa na pete zivuliwe. Glavu, ambazo wengi huzidhani ni kinga, zivaliwe wakati wa kubeba maboksi tu. Karibu na diski inayozunguka glavu hunasa na kuuvuta mkono mzima.

Imebaki mikato midogo ambayo huwasumbua watu kuliko ile mikubwa. Mlangoni, usihangaike kuuchonga ubao uifuate sura ya miimo. Kata miimo yenyewe kwa chini: laza sakafuni kipande cha lamineti juu ya kile kitambaa au sifongo ya chini, lalia msumeno wa mkono juu yake, na ukate mwimo kwa kimo hicho. Ubao utaingia chini ya mwimo na hapatakuwa na pengo. Jambo hili linawezekana kwa miimo ya mbao. Ya chuma huachwa, ukazungushwa ubao. Kwa bomba, toboa tundu lenye kipenyo kinachozidi cha bomba kwa milimita 20, kisha kata kwa msumeno kutoka tundu hadi ukingo wa nyuma, sukuma ubao mahali pake, na ukirudishe kipande cha nyuma kwa gundi ya mbao. Na kupima kipande cha mwisho cha kila safu si lazima uandike tarakimu: geuza ubao mzima ncha kwa ncha, uulaze kando ya nafasi ukiacha milimita 10 za ukutani, utie alama ya penseli unapokutana na ubao uliotangulia. Makosa mengi ya kukata tuliyoyaona ni ya kusoma futikamba vibaya, wala si ya msumeno. Kipande kinachobaki kikiwa na urefu wa milimita 300 au zaidi, ndicho kitakachoanzia safu inayofuata. Kifupi zaidi ya hapo kitupe pembeni.

Na juu ya hivyo vya kutupwa pembeni. Mbao mbili nzima ziwekwe juu ya kabati kwa ajili ya siku itakapoharibika moja. Vile vipande vidogo, ambavyo vitajaza gunia, vina sura ya kuni nzuri kavu, na uani kwetu hakuna kinachofanana na kuni kikaachwa. Visitiwe jikoni wala kwenye tanuri la mkate. Ile gundi na ile melamini zikiungua hutoa moshi wenye sumu, na anayeinamia jiko kupuliza ndiye atakayeuvuta kwanza. Gunia lifungwe lipelekwe kwenye gari la taka siku hiyo hiyo, kabla bibi hajaliona.